Kumtafuta Mzee Usoni Mwangu

Kutoka Sori mpaka Oyugis, ukiona kichwa cha mtu kimechorwa kwenye ukuta wa kinyozi na kinafanana na kichwa cha mtu, jua nimekichora mimi. Kikifanana na kiazi kitamu, amekichora mwingine. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na wanaokataa ni wale wa viazi.

Shule sikusoma. Niliachia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Leo nina karakana yangu Migori mjini, nyuma yake nina nyumba ya gorofa ya kupangisha, na baadhi ya wapangaji wangu ni walimu. Asubuhi tukikutana pale kwenye bomba la maji, wao ndio wananiamkua kwanza. Brashi ndiyo imenijengea. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu, hakuna mzungu wa mradi aliyenipiga picha akanipeleka kwao. Nilianza nikiwa kijana mwenye njaa, nikiandika majina ya mitumbwi pale ufukweni Sori, maneno ya Kiingereza ambayo sikujua yanasema nini. Nilinakili tu herufi kama zilivyokuwa kwenye karatasi ya mwenye mtumbwi. Kama alikosea yeye, mtumbwi ulikosea naye mpaka ukaoza.

Kuchora sura nilijifunza kwa wafu. Kwetu mtu akifa lazima akae mbele ya waombolezaji kwa picha, ametulia, watu wamwangalie usoni wakilia. Siku hizo, kabla ya mashine, familia ilikuja kwangu na kitambulisho cha marehemu. Ile picha ya kitambulisho ni ndogo kama ukucha, na kila Mkenya kwenye kitambulisho anafanana na mwizi. Mimi nilichukua huyo mwizi mdogo nikamkuza kwenye hadbodi, ule ubao mwembamba wa kuchorea, mpaka akawa baba wa watu, mwenye heshima, wajane wakaanguka chini walipomwona. Wafu ni wateja wazuri. Hawageuki, hawapepesi macho, hawasemi "hapo sijapendeza." Walio hai ndio shida. Mtu ana pua ya kutosha familia mbili, anataka nimpunguzie. Mama ana umri wa kupata vitukuu, anataka shingo ya bibi harusi. Nawachorea wanachotaka na kuwadharau kimyakimya. Hiyo ndiyo kazi.

Mashine nayo ilikuja. Mbele ya karakana yangu, ng'ambo ya barabara, kijana mmoja alifungua duka la kuchapisha mabango ya plastiki. Kijana huyu ana digrii ya sanaa. Alikaa chuo kikuu miaka yote hiyo akisomea kuchora, akamaliza, akanunua mashine ya kumchorea. Bango lake la msiba linang'aa kama sufuria mpya, marehemu amewekewa mawingu ya buluu nyuma na njiwa wawili juu, hata kama marehemu alikuwa mpika pombe ya chang'aa. Na watu wanampenda! Wanasema ni ya kisasa. Mvua ikipiga mara mbili, marehemu anaanza kubabuka kuanzia kwenye paji la uso.

Ningeweza kumvumilia kama mtu wa kando. Lakini huyu kijana alioa kwetu. Amemwoa binti wa kaka yangu, na kwa mila yetu binti wa kaka yangu ni binti yangu, kwa hivyo huyu mwenye njiwa ni mkwe wangu. Mkwe hatukanwi. Mkwe hapigiwi kelele. Akikukanyaga mguu, wewe unamwuliza kama kiatu chake kiko salama. Ananiita Baba, kwa sauti tamu, barabarani, mbele ya wateja wangu anaowachukua.

Sasa niseme habari ya mama.

Mama yangu anaishi Kosele, kwenye boma letu, katika nyumba aliyoachwa nayo. Sebule yake ni kama sebule zote za kwetu, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma na kuta zimejaa picha, kutoka juu ya mlango mpaka dirishani. Kuna wana, wajukuu, harusi, ubatizo, wajukuu wengine wamevaa majoho ya kuhitimu ya kukodi. Marehemu baba yangu peke yake hayumo. Alipigwa picha mara moja tu maishani, na mpiga picha wa kupita na baiskeli, na mchwa waliingia kwenye sanduku wakaila, wakaanzia kichwani. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipokufa, kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyefikiria kubaki na nakala yake. Mama ana macho ya presha. Jicho moja lilizima zamani. La pili, daktari wa Homa Bay alimwambia, linajifunga kuanzia kandokando kuelekea katikati, na dawa ni ya kulichelewesha tu, si ya kulirudisha. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli. Ukimwekea kikombe mezani anaona mpini, halafu anatafuta kikombe chenyewe.

Siku moja nilimpelekea sukari na sabuni, akanikalisha kando yake.

"Nyathina," akasema, kwa Kijaluo chake cha pole, mwanangu, "wewe unawachorea watu wafu wao. Wangu je?"

"Mama, mzee hana picha. Siwezi kuchora hewa."

"Hewa gani? Unatembea na uso wake miaka yote hii. Nenda ujiangalie kwa kioo, umchore. Nataka nimwone kabla hili tundu halijaziba."

"Mbona usikumbuke tu?"

"Ninakumbuka kofia. Ninakumbuka mgongo wake akienda. Uso umekataa kuja."

Sikupenda. Tangu nikiwa mtoto, watu wa Kosele wananiona njiani wanapiga makofi: huyu ni babake mtupu! Wanadhani wananisifu. Baba yangu alikuwa mtu bure. Wenzake walilima viazi na mahindi, wakala, wakasomesha. Yeye alienda Macalder kuchimba dhahabu. Alikaa kule kwenye mashimo miezi na miezi, akija nyumbani kama mgeni, akala, akaondoka. Dhahabu aliyoipata kule ingeweza kuingia chini ya ukucha wa mtoto. Mwisho kifua kikamkamata, akarudishwa amefungwa kwenye blanketi, nami nikatoka darasa la tano nikaenda kubeba samaki ufukweni. Kila nilicho nacho nilikipata kwa kufanya kinyume chake. Halafu mama ananiambia nijichore mimi ili nimpate yeye. Ni kama kumwambia mtu aliyehama nyumba inayovuja arudi akaipake rangi.

Lakini mama ni mama. Na isitoshe, kazi ni kazi, na hakuna sura iliyowahi kunishinda.

Nikae hapo kidogo, kwa sababu hiyo si kweli kabisa. Sura moja ilikuwa imenishinda, nayo ni yangu. Nilipomaliza gorofa yangu nilijichora kwenye ukuta wa mbele, mkubwa kama mlango wa lori, nimevaa koti na tai, brashi mkononi. Nilijiona nimejiweza. Kesho yake mwanamke wa mboga akaniuliza, "Mkubwa, unasimama kiti gani?" Nikadhani ni mzaha wake. Jioni ile ile mzee mmoja akaja na vijana kumi hivi, wakasimama mlangoni, wakataka kujua kama kutakuwa na fulana. Kwetu mtu hai akionekana ukutani mkubwa hivyo, anacheka, basi anaomba kura. Nilipaka rangi nyeupe juu yake. Nikajichora tena bila tai. Wakaniambia afadhali sasa, huyu anaonekana wa wadi, yule wa kwanza alikuwa wa bunge. Nikapaka nyeupe tena. Ukuta ule mpaka leo una tabaka zangu kadhaa ndani, nimejizika wima.

Sababu naijua, ingawa sikufundishwa na mtu wa digrii. Picha ya kitambulisho haijui kama unaiangalia. Uso wa kwenye kioo unajua. Ukiuinulia macho, umeshajipanga, kama karani anapomwona tajiri anaingia. Mimi nina sura ya mtu aliyefaulu, na nikiiona inafurahi kuniona. Unachora furaha hiyo, na furaha ya mtu mzima bila sababu ni kampeni.

Basi nikamchora mzee kwa kujitazama. Nilinyoa ndevu, nikavua miwani, nikaongeza mikunjo, nikatia mvi. Nikamtia na shati la kazi. Kazi safi. Nikaibeba ile hadbodi mpaka Kosele, nikamkalisha mama mlangoni kwenye mwanga, nikamshikia picha. Akasogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akaanza kuisoma kipande kwa kipande, maana tundu lake haliwezi kumeza uso mzima. Paji la uso. Sikio. Jicho. Akafika mdomoni, akarudi nyuma.

"Huyu anaomba kura," akasema.

"Mama!"

"Sijui anataka nini, lakini anataka kitu. Baba yako hakuwahi kumwomba mtu kitu. Hata chumvi mezani alikuwa anaiangalia tu mpaka umpe."

Nikairudisha Migori. Nikachora nyingine. Safari hii nikaona kosa ni unene, mzee alikuwa mwembamba na mimi nimekula. Nikachimba mashavu, nikatoa mfupa, macho nikayaingiza ndani. Mke wangu aliiona karakanani akasema angalau huyu hakuna atakayemtafuta kwa michango ya harambee. Nikaipeleka. Mama akaisoma. Mara hii alichukua muda zaidi, akipoteza njia, akirudi kwenye sikio akidhani hajafika. Tundu lilikuwa limezidi kuwa dogo. Akafika mdomoni.

"Huyu ni wewe ukiwa na malaria."

"Lakini ni mzee au si mzee?"

"Ni mtoto wangu mgonjwa. Mpe dawa." Akanipapasa mkono, akaniangalia kando kidogo ya pale nilipokuwa. "Nyathina, fanya haraka. Jana nilimwita kuku nikidhani ni mtoto wa jirani."

Nilifunga karakana. Nikachukua kioo kikubwa cha kabati la mke wangu, naye akipiga kelele, rangi zangu za mafuta, hadbodi mpya, nikaenda kukaa Kosele kwenye nyumba yangu ya bomani, ile ya kando ya lango. Niliwaambia wateja wangoje. Kuna mtu alitaka ng'ombe wawili na kisu kwenye ukuta wa buchari yake, nikamwambia ng'ombe hawaendi popote, wamechinjwa.

Jumapili, mkwe akaja. Alikuja na mikate na majani ya chai, amevaa vizuri, viatu vya mwanafunzi wa mjini, akamwamkua mama kwa kupiga goti nusu. Mama anampenda. Alikuwa amesikia habari za picha kutoka kwa mkewe. Akatoa simu.

"Dani," akamwambia mama, hivyo ndivyo wajukuu wanavyomwita, "usihangaike. Nilichukua picha ya mtoto wako pale Facebook, nikaipa simu, nikaiambia imwongeze miaka na kumrudisha enzi zile. Tazama."

Mama akaishika ile simu karibu na jicho, akaizungusha zungusha. Mimi niliiona kwa juu ya bega lake. Mzee mmoja laini, ngozi kama mafuta ya kujipaka, meno yote yamepangwa, macho yamejaa upendo wa ulimwengu mzima. Nyuma yake machweo. Kosele haijawahi kuwa na mtu kama huyo, na angekuja, angeibiwa.

"Huyu ni mchungaji wa wapi?" mama akauliza.

"Ni mzee wetu, Dani. Simu imemkadiria."

"Ana sura nzuri. Mwambie asante." Akamrudishia.

Hapo mkwe angenyamaza, na mimi ningenyamaza. Lakini akanigeukia. Tulikuwa tumekaa mimi huku, yeye kule, mama katikati dirishani.

"Baba," akasema, "kwa heshima. Hii mambo ya brashi na kioo ni ya kitambo. Inakuchosha bure. Nitaitengeneza hii vizuri, niichape kubwa, na nitaweka na njiwa. Hata sitachukua chochote, wewe ni mzazi. Halafu, Baba, kama ukiona sawa, ukishazeeka kwa kazi unaweza kuja dukani kwangu. Unajua kuongea na watu wa matanga. Utakuwa unapokea wateja."

Unapokea wateja! Mimi! Maneno yalipanda kutoka tumboni, mengi, ya Kijaluo, yenye miiba, yakafika kwenye meno yakakuta lango limefungwa. Mkwe hatukanwi. Ndani ya nyumba ya mama yangu, mkate wake ungali mezani, sikuwa na pa kuyapeleka. Nikasema, "Asante, mwanangu." Nikahisi mdomo wangu wenyewe unaenda pembeni, upande mmoja, kama mtu aliyeuma limau akaona aibu kutema.

"Hapo!"

Mama alikuwa amesimama. Hatukujua anaangalia nani.

"Usiufunge huo mdomo! Kaa hivyo hivyo! Wewe, mkwe wangu, usinyamaze, endelea kumwambia!"

"Nimwambie nini, Dani?"

"Hayo hayo ya kupokea wateja!"

Akanijia, kidole mbele, akanigusa pembe ya mdomo kabla haujarudi mahali pake. Akaushika kama mtu anayeshika kuku asitoroke. Lile jicho lake lilikuwa karibu sana na mimi, na sijawahi kuona jicho likifanya kazi kiasi hicho.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anakaa kwenye hicho kiti ndugu zangu wakija kumhubiria arudi alime kama watu. Shemeji zake, hakuweza kuwatukana. Alikuwa anawaambia asante, halafu mdomo unaenda hivi."

Mkwe akacheka, akasahau adabu. "Kumbe mzee wetu alikuwa na madharau hivyo?"

"Alikuwa nayo mengi," mama akasema. "Hakuwa na kitu kingine."

Sasa nilijua kilichokosekana. Ungedhani kazi imekwisha. Mkwe alipoondoka nilileta kioo sebuleni kwa mama, nikakiweka juu ya gunia la mahindi kando ya dirisha, nikaegemeza hadbodi kwenye kiti, nikachanganya rangi, nikajitazama nipinde mdomo. Haukupinda. Ulikaa katikati, umetulia, na pembe zake zikapanda kidogo. Nikaufinya kwa kidole, nikakiondoa, ukarudi. Nikajaribu kumkumbuka mkwe na njiwa wake. Dharau ikaja, naijua ladha yake, lakini nilipoinua macho tu nikakutana na yule jamaa wa kwenye kioo, mwenye karakana, mwenye gorofa, na dharau ikayeyuka. Nikamkumbuka mwenye pua ya familia mbili. Nikawakumbuka wote ambao nimewadharau tangu Sori, na si wachache. Walikuja mmoja mmoja, na kila mara macho yangu yalipogusa kioo, jamaa akaniangalia kama anayesema, lakini wewe si kama hao. Nifanye nini? Nampenda. Nimemtoa mbali.

"Unachekelea nini?" mama akauliza. Alikuwa amekaa nyuma yangu akipukuchua mahindi kwa kupapasa.

"Sichekelei, nafanya kazi."

"Nasikia unachekelea. Unapumua kwa pua."

Nikaweka brashi chini. Jua lilikuwa limeanza kuondoka dirishani, na nilijua kesho yake tundu la mama linaweza kuwa limebana zaidi, au limekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kazi hii niliogopa hadbodi.

"Nisimulie kitu chake," nikamwambia. "Chochote."

Akamaliza hindi aliloshika, akachukua lingine.

"Kuna siku alirudi kutoka Macalder na mrija wa unyoya wa kuku," akasema. "Ameuziba kwa nta. Ndani kulikuwa na vumbi la dhahabu. Alitupanga hapo dirishani, wewe na ndugu zako, akatuonyesha mmoja mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Nikamwambia, tuuze hapa sokoni. Akasema Kosele ni watu wa viazi, hawajui dhahabu, wataipima kwa debe. Akaenda kuiuza mwenyewe Migori. Tukangoja. Akarudi na kofia."

"Kofia?"

"Kofia mpya, nyeusi, ya ukingo mpana. Ilimpendeza sana. Na wewe ulikuwa unaenda shule na blauzi yangu, umeikunja mikono."

Blauzi ile naikumbuka. Ilikuwa na vifungo upande wa wanawake, na watoto wa darasani walijua kusoma vifungo hata kama hawakujua kusoma kitabu.

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza. Nilipoanza tu kusema, akaniangalia, mdomo ukaenda pembeni, akachukua kofia akatoka. Ndivyo alivyokuwa. Sikuwahi kumaliza neno na mzee wako, hata siku moja. Nikianza, anatoka. Mara ya mwisho alitoka mpaka akarudishwa kwenye blanketi, na hapo naye ukimsemesha atajibu nini? Watu wameniambia nenda ukaseme kaburini. Udongo hauna uso."

Niliinua macho kwenye kioo. Sikujipanga. Yule mwenye gorofa hakuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja bure, mtu wa mashimo, aliyetazama watu wote waliolima wakamlisha akawaona viazi, ambaye alibeba jasho la mwaka mzima kwenye unyoya wa kuku akaligeuza kofia. Nikamdharau kwa moyo wangu wote. Mdomo ukaenda. Na yeye kule ndani ya kioo, papo hapo, akanidharau mimi.

Ulikaa. Ulikaa mpaka misuli ya shavu ikauma. Nilichora bila kushusha macho, mkono ukiwa unajua njia, na pale mdomoni nikakumbuka kwamba kioo hugeuza mambo, mzee alipinda upande ule mama aliogusa na si ule ninaouona, nikauhamisha. Mwenye digrii angesahau. Mistari miwili ya kahawia, doa la nyekundu iliyochakaa, kivuli kidogo chini ya pembe. Haikuchukua muda. Sijawahi kuchora vizuri kama siku ile na sidhani kuna mtu kuanzia ziwani hadi mpaka wa Tanzania anayeweza. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaki kuiona.

Rangi ilikuwa bado mbichi nilipoishika mbele ya mama. Nilimwambia asiguse. Akasogea. Akaanza juu, kama kawaida yake, taratibu: paji la uso, jicho moja, la pili. Akashuka na pua. Nilikuwa nimeshika hadbodi kwa mikono yote miwili.

Akafika mdomoni. Akakaa hapo.

Halafu akasonya. Sonyo refu, la mwanamke aliyelihifadhi, lilianzia mbali likavuka chumba.

"Kofia," akasema.

Nikangoja aseme mengine. Akapapasa nyuma yake, akapata kiti cha mzee, akakivuta karibu mpaka magoti yake yakakaribia kugusa picha.

"Mwegemeze ukutani," akaniambia. "Hapo chini, tulingane. Asiwe juu yangu."

Nikamwegemeza.

"Sasa toka."

"Mama, rangi haijakauka, inafaa..."

"Nimesema toka. Haya ni ya mke na mume. Na ufunge mlango, asipate njia."

Nikatoka. Nikafunga. Kabla sijafika chini ya ngazi nilimsikia ameanza, hakuwa na haraka, sauti ya mtu aliyekaa vizuri. Mkwe alikuwa anaingia langoni, amerudi kuchukua mwavuli aliousahau, akasimama akasikiliza.

"Baba," akanong'ona, "ni nani anagombezwa humo?"

"Mwenye nyumba."

Akataka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Hakuwa na pa kwenda, mwavuli ulikuwa ndani. Nikamsogezea upande wa benchi. Tukakaa pale nje, mimi na yeye, kama watu wawili waliofukuzwa, mpaka mbuzi wakarudishwa zizini, na kwa nilivyosikia kupitia dirishani, mama alikuwa hajamaliza hata mambo ya mwaka wa kwanza wa ndoa.